Mfereji Ufungwe

Ukitaka kuniudhi hata leo, miaka yote hii imepita, niambie kwamba neno ni neno tu, bora watu waelewane. Mimi nimeona neno likiziba bomba la maji. Nimeona neno likiingia katika chumba cha mwanamke mzee na kulowesha godoro lake. Na neno lenyewe niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri, nikijiamini kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ya tisini, ule wakati ambapo mtu akimaliza kidato cha nne na kupita mtihani alikaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja kuitwa chuo kikuu. Kwetu ni Makongeni, Thika. Ukoo wetu ni wa kuokoteza: babu mmoja alitoka bara ya Tanganyika, nyanya alitoka Pwani, na kilichowaunganisha ni dini na Kiswahili. Nyanya alikilinda Kiswahili kama watu wengine wanavyolinda ng'ombe. Kwetu ukisema "kitu yangu" hupewi hicho kitu. Shuleni nikapata alama ya juu kabisa katika somo hilo, nikavimba kichwa. Niliporudi nyumbani na cheti, mamangu akasema, "Haya, sasa utakula ngeli." Alikuwa anatania, lakini mimi sikucheka.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa Kiandutu, mtaa wa mabanda usio mbali na kwetu, rafiki wa mamangu tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa akitupitia na kikapu cha mboga, terere na managu, anakunywa chai, anamsimulia mamangu habari za mtaa mzima, anaondoka. Hatukuwa na undugu naye wala dini moja, lakini tulimwita cucu, kama Wakikuyu wanavyoita nyanya, naye akaniita kairitu, msichana mdogo, hata nilipokuwa nimemshinda urefu.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya mabati, na hatua moja kutoka mlangoni kulipita mtaro. Mtaro huo ulitoka kwenye kiwanda kidogo cha kutia nyuzi rangi. Sitakitaja, na usijisumbue kukisia, maana hakipo tena. Maji yake yalibadilika kufuatana na kazi ya siku hiyo. Cucu hakuwa na kalenda, lakini alijua siku kwa kutazama nje. Buluu ilikuwa Jumatatu. Nyekundu ilikuwa katikati ya wiki. Siku ya kijani alifunga mlango, kwa sababu ya harufu. Mvua ikinyesha, rangi zote ziliingia ndani kumtembelea. Alikuwa ameinua kitanda chake kwa matofali, mawili kila mguu, kisha matatu, na nilipoanza kwenda kumwona nikiwa sina kazi yalikuwa manne. Ilibidi akanyage debe ndipo apande.

Alichotaka maishani wakati huo ni kitu kimoja, na hakuficha. Alitaka mtaro ule ufunikwe.

Ndipo chuo kikuu kikaja Kiandutu. Alikuwa mhadhiri mmoja, amevaa viatu vya mpira vipya kabisa, pamoja na wanafunzi sita na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimtambulisha kama "Daktari". Kosa la kwanza. Kabla hajafungua mdomo kulikuwa na foleni ya magoti, migongo na mtoto mwenye sikio linalotoa usaha. Mhadhiri akaeleza kwamba yeye ni daktari wa mazingira. Watu wakaelewa kwamba ni daktari mchoyo, wakaanza kutawanyika, mpaka soda zilipotolewa wakarudi.

Alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema dunia inapata joto, hali ya hewa inabadilika, na anayeumia kwanza ni maskini ambaye hakuchafua chochote. Hilo aliliita haki ya mazingira. Nilikuwa nimesimama kando ya cucu, nikasisimka mwili mzima. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu msomi akisema mbele ya watu kwamba Kiandutu imedhulumiwa. Palepale nikaamua kwamba nikiitwa chuo nitasoma idara ya huyu mtu.

Cucu hakusisimka. Aliinua mkono.

"Daktari, hii mtaro funika tu. Weka simiti juu. Basi."

"Mama, hilo ndilo tunalotaka," mhadhiri akasema. "Lakini lazima kwanza tupate ushahidi."

"Ushahidi si ni hii?" Alimshika mkono akamwingiza chumbani kumwonyesha kitanda juu ya matofali. Mhadhiri akakitazama, akatingisha kichwa kwa huruma ya kweli, akaandika kitu kwenye daftari. Alipotoka akasema kwamba kitanda kimoja si takwimu.

Walihitaji mtu wa kutafsiri maswali ya utafiti kwa Kiswahili. Mwenyekiti akanisukuma mbele. Akasema mimi ndiye Kiswahili chenyewe. Hapo ndipo shida yetu ilipozaliwa, nami nilikuwa mkunga.

Mhadhiri aliishi Ruiru, katika nyumba yenye ua wa miiba ya kei-apple na mbwa wawili waliobweka kwa Kiingereza. Nilikwenda huko Jumamosi tatu mfululizo, tukikaa kwenye veranda na makaratasi yake. Sasa nisikilize vizuri, maana habari yote imo humu. Mto wa maji machafu ya kiwanda, ule uliokuwa mlangoni kwa cucu, watu wa Kiandutu waliuita mtaro. Bomba la maji safi, lile moja tu lililosimama nyuma ya nasari, shule ya chekechea ya mtaa, waliliita mfereji. Ukipita asubuhi utasikia, "Nimetoka mfereji, laini ni refu." Bara nzima wanasema hivyo. Lakini nyumbani kwetu kwa nyanya, na shuleni, na kwenye kamusi, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, yaani ule ule mtaro, na bomba ni bomba.

Nilijua. Hiyo ndiyo aibu yangu, kwa hivyo niseme wazi: nilijua watu wanasemaje, nimezaliwa kilomita chache kutoka pale. Lakini niliona hii ni karatasi ya chuo kikuu, na karatasi ya chuo kikuu itasemaje "mtaro" kama muuza viazi? Mtaro ni Kiswahili safi kabisa, kamusi inalo, halijamkosea mtu. Kwangu lilinuka mtaa. Nikaandika "mfereji". Ili kusiwe na utata nikaandika "mfereji wa maji machafu", nikaona nimemaliza kazi.

Mhadhiri akachukua kalamu nyekundu akakata "wa maji machafu".

"Ukimwambia ni machafu, umeshamwambia ajibu nini," akasema. "Tusimwongoze mhojiwa."

"Lakini Daktari, bila hayo..."

"Sayansi haiongozi mtu."

Maswali yakabaki hivi: Je, unatumia mfereji ulio nyuma ya nasari? Unautumia kwa nini? Unaridhika nao? Ungependa nini kifanyike kuhusu mfereji huo? Na mtaro ulipita nyuma ya nasari vilevile, hatua kumi kutoka bombani, kana kwamba mtu alipanga makusudi tuangamie.

Nikapeleka maswali kwa mpiga chapa pale mjini Ruiru, dada mmoja aliyekuwa na mashine yake nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alikuwa akikata stensili huku akisoma kwa sauti ya chini. Akasimama.

"Haiya. Mfereji? Dada, hii si itachanganya watu? Mfereji si ni ya kuteka maji?"

"Huo ni mfereji wenu," nikamwambia. "Kwa Kiswahili sanifu ni mtaro."

"Sasa si uandike tu mtaro?"

"Andika kama ilivyo."

Akanitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, akaendelea kupiga. Yule dada hakuwa na alama ya juu ya Kiswahili wala hakungojea chuo chochote. Alikuwa na akili tu. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko wahadhiri wangu wote.

Siku ya mahojiano mimi nilikalishwa kwenye veranda ya nasari kugawa penseli na kuandika majina ya waliohojiwa. Wanafunzi walitoka sehemu nyingine za nchi, wamefunzwa kusoma swali neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza, nao walitii. Kuanzia asubuhi hadi saa nane niliwaona wakienda mlango kwa mlango, na watu wakijibu kwa uchangamfu mwingi mno. Hilo lingepaswa kunishtua. Nani huchangamka akiulizwa habari za uchafu?

Cucu alinipitia baadaye, ameridhika.

"Nimeongea na wao vizuri," akasema. "Wameniuliza ya mfereji, nikawaambia iko sawa, maji ni tamu, sisi hupikia hiyo, hunywa hiyo. Nikasema tu wasifunge saa ya jioni. Nikangoja waniulize ya mtaro."

"Wakakuuliza nini?"

"Hawakuuliza. Nimekaa hapo nikingoja, rakini kijana akafunga kitabu akasema asante. Labda hiyo ya mtaro watakuja siku ingine, ama?"

Nyanya alikuwa na msemo wake: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilihisi ulimi umejikwaa na kung'oka kucha. Nikamwambia cucu ndiyo, labda watakuja siku nyingine. Nilimdanganya mama mzee, usoni, mchana kweupe.

Jumamosi iliyofuata nilifika Ruiru mapema. Nilimkuta mhadhiri kwenye veranda amezungukwa na fomu, macho yanamwaka.

"Wanakunywa!" akasema kabla sijasalimu. "Umeona? Karibu wote wanakunywa maji ya mfereji! Wanapikia! Na wanaridhika! Hii ni hali mbaya kuliko tulivyodhani!"

"Daktari," nikasema, "kule mfereji ni bomba."

"Bomba?"

"Wao wanaita bomba mfereji. Wamejibu habari za bomba."

Akavua miwani. Nikadhani amenielewa, na nafikiri kwa muda mfupi alinielewa kweli. Kisha akauliza, "Kamusi inasemaje?"

"Kamusi inasema mfereji ni mtaro."

"Na wewe ndiye uliyenihakikishia tafsiri ni sahihi."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi. Takwimu ni takwimu. Tukianza kusema mhojiwa hakuelewa, hakuna utafiti utakaobaki duniani." Akaongeza, kwa upole, kwamba muhtasari wa ripoti ameshautuma kwa wafadhili ng'ambo, na kwamba kuna mkutano amealikwa kwenda kuusoma. Halafu akaniuliza kama nimeshachagua nitakachosoma chuoni, kwa sababu idara yake inapenda vijana makini.

Ningepaswa kupiga meza. Ningepaswa kuchukua zile fomu na kuzitupia mbwa. Nikanywa chai, nikasema ninapenda idara yake. Watu huniuliza mbona nina hasira hivi na vyuo vikuu. Nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, ila haina mahali pengine pa kwenda.

Ripoti ikatoka kwa Kiingereza, nene kama tofali, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa ajili ya wananchi. Nilijaribu kuingiza neno mtaro. Mhadhiri akasema istilahi lazima zilingane na za fomu. Pendekezo la kwanza likasomeka hivi: "Mfereji ulio nyuma ya nasari ni hatari kwa afya. Mfereji ufungwe mara moja."

Ilizinduliwa katika semina kwenye hoteli moja pale Thika mjini. Hotuba zilikuwa za Kiingereza. Tulionyeshwa picha za barafu ikiyeyuka mbali huko kaskazini mwa dunia. Cucu alikuwa amealikwa kuwakilisha akina mama. Alikaa mstari wa mbele amevaa leso mpya, akala samosa tatu, na mhadhiri aliposema tena kwamba dunia inapata joto, akaniinamia.

"Kwangu ni baridi," akanong'ona. "Maji iko chini ya kitanda."

Ule ukurasa wa Kiswahili uliwekwa kwenye kila kiti. Watu walijipepea nao. Cucu, ambaye hakujua kusoma, alifungia samosa ya nne ndani yake akaweka kikapuni. Aliyeusoma alikuwa mmoja tu, naye ni afisa wa ofisi ya mji. Ripoti nene hakuifungua, na simlaumu. Akachukua ukurasa wangu, mwepesi, uliosomeka, akaufanyia kazi. Katika maisha yangu yote ya kuandika sijapata msomaji mtiifu kama huyo.

Wiki mbili baadaye walikuja watu wawili Kiandutu na spana na kopo la rangi. Walipita kando ya mtaro, nafikiri siku hiyo ulikuwa wa buluu, wakauruka vizuri wasichafue viatu, wakaenda moja kwa moja kwenye bomba. Wakaing'oa koki, wakaziba mdomo wa bomba kwa chuma, wakapaka alama nyekundu kwenye nguzo. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakapiga kelele.

"Sisi tumetumwa," mmoja akasema. "Karatasi inasema mfereji ifungwe. Iko na sumu."

"Sumu iko hapo!" wakamwonyesha mtaro.

"Hiyo ni mtaro. Sisi tumetumwa mfereji."

Niliposimuliwa hayo nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Wale wenye nguvu walianza kuja na mitungi mpaka kwetu Makongeni, wanasimama kwenye foleni zetu, watu wetu wanawatukana. Wasio na nguvu walifanya walivyoweza. Cucu alikuwa akiamka alfajiri kabla kiwanda hakijaanza kumwaga rangi, anachota mtaroni maji yaliyotulia usiku, anayachuja kwa leso. Ile leso ya semina. Anachemsha, anapikia uji.

Kwa hiyo ripoti ikawa kweli. Walikuwa hawanywi maji yale, chuo kikuu kikaandika kwamba wanakunywa, kikapendekeza dawa, na dawa ikawafanya wanywe. Nilimwandikia mhadhiri barua mbili. Alikuwa ng'ambo, kwenye ule mkutano, akieleza jinsi wanavyokunywa.

Nikaenda mwenyewe ofisi ya mji. Afisa alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Nikamweleza habari za neno mfereji, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekueleza ndoto yake.

"Dada," akasema, "sisi tumetekeleza pendekezo la wasomi. Siwezi kufungua kwa maneno ya mdomo. Wenyeji walete barua."

Barua! Hilo nililiweza. Nilikwenda Kiandutu nikiwa na karatasi na kidau cha wino, tukakaa nje kwa cucu, akina mama wametuzunguka. Cucu akasema, "Andika tu, mfereji yetu irudi." Nami sasa nilikuwa nimejifunza, au nilidhani hivyo. Nikajiambia: ofisi inaelewa mfereji ni bomba, kwa hiyo safari hii nitatumia neno lao wenyewe. Nikajiona mjanja kweli. Nikaandika kwa ngeli zilizonyooka kama reli: "Sisi wakazi tunaomba mfereji ulio nyuma ya nasari, uliofungwa kwa sababu ya ripoti ya chuo kikuu, ufunguliwe na uachwe kama ulivyokuwa tangu zamani. Hatuna malalamiko yoyote juu yake." Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyeniambia niandike. Niliiongeza kwa utamu.

Cucu alikuwa wa kwanza kuweka kidole. Dole gumba lake lilikuwa na kovu lililopita katikati, la panga, tangu ujana wake, na likatokea kwenye karatasi kama mstari mweupe. Wengine wakafuata.

Siku ya tatu bomba likafunguliwa. Niliitwa Kiandutu nikapikiwa chai ya maziwa, na cucu akanitemea mate kidogo kifuani, kama Wakikuyu wanavyobariki. Nilirudi nyumbani nikitembea kama aliyeikomboa nchi.

"Sasa twende ya mtaro," cucu akaniambia kabla sijaondoka. "Mvua inakuja. Naisikia kwa hii mguu."

Tukahangaika. Ilichukua barua nyingine nyingi na kusimama milangoni, mpaka kiwanda kikakubali kukutana nasi, na afisa wa mji akaja, na mhadhiri, aliyekuwa amerudi, akatuma mwanafunzi na salamu za pole. Tulikuwa akina mama wanne na mimi. Upande wa kiwanda alizungumza karani mkuu, mzee nadhifu wa Pwani, ambaye Kiswahili chake kilinikumbusha cha nyanya. Nilifurahi kumsikia. Fikiria upumbavu huo. Nilifurahi.

Cucu akaeleza habari za mtaro, za kitanda, za matofali. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akafungua faili.

"Mama yangu, nakuelewa," akasema. "Lakini hapa nina nakala ya barua tuliyopewa na ofisi ya mji. Imeandikwa vizuri sana, namsifu aliyeiandika." Akaisoma yote, kwa lafudhi tamu. Mfereji ulio nyuma ya nasari. Ufunguliwe na uachwe kama ulivyokuwa tangu zamani. Hatuna malalamiko yoyote juu yake. "Na mfereji ni nini? Katika Kiswahili fasaha ni njia ya maji iliyochimbwa. Ripoti ya chuo kikuu inausema hivyohivyo, na inausema wa kwetu. Sasa sisi tufanye nini? Chuo kilisema tuufunge, tukawa tayari kuzungumza. Wenyeji wenyewe wameomba uachwe."

Nikasimama.

"Hapa mfereji ni bomba! Kila mtu anajua! Afisa huyu hapa anajua, ndiye aliyefunga bomba!"

Afisa akatazama dirishani.

"Dada," karani akaniuliza kwa upole, "Kiswahili cha ile ripoti alikiandika nani?"

"Mimi."

"Na cha barua hii?"

Akaigeuza karatasi, akaisogeza mezani kuelekea kwa cucu. "Mama, hiki si kidole chako?"

Cucu akainama akaitazama kwa muda mrefu. Akaweka dole gumba lake kando ya alama, kovu kwa kovu, akilinganisha.

"Hii kidole ni yangu," akasema. "Rakini hii maneno si yangu."

Hakunitazama aliposema hivyo. Karani akafunga faili, akatushukuru kwa kuja.

Mvua iliyoanza baada ya hapo ndiyo ile ambayo nchi nzima iliita Elinino, hata watoto wadogo. Mhadhiri alihojiwa kwenye redio kuhusu hali ya hewa ya dunia, na kila alichosema kilikuwa sahihi. Kwa cucu matofali yalifika sita kila mguu, kisha siku moja mtaro ukapita juu ya kitanda chenyewe, wa rangi zote kwa pamoja. Mamangu alimleta kwetu Makongeni akiwa amejifunga shuka la jirani. Vitu vyake vilienea kwenye kikapu kimoja cha mboga.

Tukampa chumba changu, maana barua ya kuniitia chuo ilikuwa imeshafika na nilikuwa karibu kuondoka. Jioni ile alisimama kando ya kitanda changu, akakizunguka, akainama kutazama miguu yake ilivyogusa sakafu. Akaniuliza matofali yako wapi.

"Hapa hakuna mtaro, cucu," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akakaa kwenye kiti kungoja. Nikatoka nje kwenye mvua nikatafuta matofali nyuma ya choo, nikamletea manane, mawili kila mguu.